Nyika ya Taru na Vituo vya Reli

Mtu aivukaye nyika ya Taru kwa gari la moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, hupita upesi wala haoni kiu. Sisi tulitaka kuijua nyika yenyewe. Basi tukapanda pikipiki, tukashika njia za vumbi kando ya reli ya kale, kutoka Mazeras kwenda Voi.

Zamani misafara ya pwani ilipita papa hapa. Pale Taru yako majabali yenye ngurunga, ndiyo mashimo yakingayo maji ya mvua, na wapagazi waliyategemea hayo. Wakiyakuta makavu, hapana budi kwenda hata Maungu, na huko nako maji yako juu mlimani. Fikiri, msomaji, mtu aliyechukua mzigo wa nguo na shanga siku kutwa, kisha aambiwe, Panda mlima ukateke!

Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896. Watu wapata 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na katika hao wapata 2,500 walikufa kabla ya kazi kwisha. Wengi hupenda kusimulia habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Walakini maradhi yaliua watu wengi kuliko simba. Katika Taru taabu kubwa ilikuwa maji. Yaliletwa kwa gari la moshi kutoka nyuma, wapate kunywa waliotandika reli mbele, na injini yenyewe nayo ni mnywaji mkubwa.

Tukapita Mackinnon Road, kituo chenye jina la njia ya mikokoteni iliyotangulia reli, tukafika Voi penye mto. Hapo tukageuka kuelekea magharibi.

Mwaka 1914 Wadachi waliutwaa mji wa Taveta. Mwaka uliofuata Waingereza wakatandika reli ya vita kutoka Voi, nayo ikafika Maktau mwezi wa Juni. Maji yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura, maana pasipo maji jeshi lisingalikaa hapo hata siku mbili. Leo Maktau pana makaburi ya askari wa Kihindi waliokufa katika vita ile. Wapagazi Waafrika walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.