Waliohesabu Saa za Marehemu

Juni 1988, mawakili na madaktari wa Japani walifungua laini za simu katika miji kadhaa na kuziita Karoshi 110. Namba 110 ndiyo ambayo Wajapani huipiga wanapohitaji polisi. Karoshi ni kifo kinacholetwa na kazi iliyopita kiasi. Wengi wa waliopiga walikuwa wanawake, baadhi yao wajane tayari. Waume zao, watu wa makamo ambao hadi jana yake walikuwa kazini, walianguka ghafla kwa kiharusi au kwa moyo kusimama. Wajane hao walijua kilichowaua waume zao. Walichotafuta ni namna ya kukithibitisha mbele ya serikali.

Kwenye karatasi, mfanyakazi wa Japani alikuwa na ulinzi wa kutosha. Sheria ya Viwango vya Kazi ya mwaka 1947 iliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, ambazo baadaye zilishushwa hadi 40. Lakini kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo kilimruhusu mwajiri kuongeza saa, mradi amekubaliana na chama cha wafanyakazi au mwakilishi wao. Kwa kuwa vyama vingi vilikuwa vya ndani ya kampuni moja moja, saini haikuwa ngumu kupatikana, na saa za ziada hazikuwekewa kikomo chenye adhabu. Upenyo huo ulidumu zaidi ya miaka 70.

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, kampuni zikapunguza watu, na mzigo wa walioondoka ukawaangukia waliobaki. Uchumi ulipochangamka tena miaka ya themanini, mzigo haukupungua. Tangazo maarufu la kinywaji cha kuongeza nguvu lilimsifu mfanyakazi awezaye kupambana saa 24. Zilikuwapo pia saa zisizoandikwa popote: mtu anabaki ofisini kwa sababu bosi hajaondoka, halipwi, kisha anajaza fomu kuonyesha kwamba alitoka mapema.

Madaktari ndio waliotangulia kuliona tatizo. Mwaka 1969 kijana wa miaka 29, aliyefanya kazi katika idara ya usafirishaji ya kampuni kubwa ya magazeti, alifariki kwa kiharusi, na kifo chake huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo kuripotiwa. Mwaka 1978 daktari Tetsunojo Uehata aliwasilisha kwa wataalamu wenzake visa 17 vya namna hiyo. Mwaka 1982 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kilicholieneza jina la karoshi.

Kupata jina hakukutosha kuleta fidia. Kanuni za serikali zilitaka tukio lisilo la kawaida lililotokea muda mfupi kabla ya mtu kuanguka. Zilipolegezwa mwaka 1987, bado zilitazama wiki ya mwisho tu. Mtu aliyechoka kwa miaka mitatu, kisha akafa katika wiki tulivu, hakuwa na kesi. Na hata familia ilipokubaliwa kujieleza, rekodi za saa zilikuwa mikononi mwa mwajiri. Basi familia zikaanza kuhesabu zenyewe: risiti, tiketi za treni, kumbukumbu za kompyuta, shajara ya mke aliyeandika saa ambayo mumewe alifika nyumbani.

Kesi iliyobadilisha mambo ilimhusu Ichiro Oshima. Aliajiriwa na Dentsu, kampuni kubwa ya matangazo, Aprili 1990, akajiua Agosti 1991 akiwa na miaka 24. Fomu alizojaza mwenyewe zilionyesha saa za ziada chache kuliko alizofanya. Ukweli ulipatikana kwa walinzi wa jengo, ambao taarifa zao za doria za usiku zilimtaja akiwa bado mezani hadi alfajiri. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na tarehe 24 Machi 2000 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua kwamba mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kazi haizidi kiasi cha kudhuru afya ya mwili au akili ya mfanyakazi. Shauri lilimalizika kwa kampuni kuomba radhi na kulipa yen milioni 168.

Tangu hapo msongo wa mawazo kazini haukuweza tena kuitwa udhaifu wa mtu binafsi. Tayari mwaka 1999 wizara ya kazi ilikuwa imetoa mwongozo wa kupima kama ugonjwa wa akili au kujiua kumetokana na kazi. Mwaka 2001 ikaongeza kipimo cha magonjwa ya moyo na ubongo: saa za ziada 100 katika mwezi mmoja, au wastani wa 80 kwa mwezi katika kipindi cha miezi miwili hadi sita. Uchovu wa muda mrefu ukawa sasa unahesabika.

Familia hazikuishia kwenye fidia. Zilikusanya saini na kuwafuata wabunge, hadi Juni 2014 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia karoshi, iliyoufanya mwezi wa Novemba kuwa wa uhamasishaji. Kuanzia Desemba 2015, kila mahali pa kazi penye watu 50 au zaidi palitakiwa kuwapima wafanyakazi msongo wa mawazo mara moja kwa mwaka kwa kutumia dodoso. Majibu humrudia mfanyakazi. Mwajiri hayaoni bila ridhaa yake. Sharti hilo lina uzito, kwani anayehofia kupoteza cheo hawezi kujaza ukweli kwenye karatasi itakayosomwa na bosi.

Mwezi huohuo wa Desemba, siku ya Krismasi, Matsuri Takahashi alijiua. Alikuwa na miaka 24, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, na mwajiri wake alikuwa Dentsu, kampuni ileile. Saa zake za ziada za Oktoba ziliandikwa 69.9 na za Novemba 69.5, chini kidogo ya kikomo cha 70 ambacho kampuni ilijiwekea. Kumbukumbu za geti la jengo zilisema vingine, na maofisa wa kazi walikuta takriban saa 105 ndani ya mwezi mmoja. Kampuni ilianza kuzima taa saa nne usiku, rais wake akajiuzulu, na kanuni za tangu 1951 zilizomtaka mfanyakazi asiiachie kazi hata ikimuua zikaondolewa kwenye daftari la wafanyakazi. Faini ya mahakama, Oktoba 2017, ilikuwa yen 500,000.

Mwaka 2018 upenyo wa kifungu cha 36 uliwekewa kikomo. Saa za ziada sasa ni 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Kazi ikibana sana, zisifike 100 katika mwezi wowote wala kuzidi 720 kwa mwaka. Anayevunja sheria anaweza kufungwa. Kampuni kubwa zilianza kubanwa Aprili 2019, ndogo mwaka mmoja baadaye. Madaktari walisubiri hadi Aprili 2024, na baadhi yao bado wanaruhusiwa kufanya hadi saa 1,860 za ziada kwa mwaka.

Kesi hazijaisha. Katika mwaka wa fedha 2023 serikali ilitambua wagonjwa wa akili 883 waliougua kwa sababu ya kazi, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla, na sababu iliyoongoza ni unyanyasaji wa wakubwa. Unyanyasaji hauonekani kwenye kumbukumbu za geti. Huonekana katika ujumbe wa simu, barua pepe na maneno aliyoyaandika aliyetukanwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo anayelemewa na kazi, popote alipo, na aandike mwenyewe: saa aliyoingia, saa aliyotoka, aliloambiwa na nani. Tena amkabidhi nakala mtu anayemwamini angali hai na mzima.