Kampuni Zilizoshindania Anga ya Kisumu

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni binafsi za Uingereza zilianza kuwania njia ya ndege kati ya Cairo na Cape Town, na Kisumu ikawa kituo muhimu cha njia hiyo. Reli ilikuwa imefika hapo mwaka 1901, meli zilikuwa zikienda bandari za Uganda na Tanganyika, na Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria ilikuwa uwanja wa kutua usiohitaji kujengwa. Ndege za majini, zilizoundwa kutua na kupaa majini, ziliweza kufuata Nile kutoka Khartoum hadi ziwani. Tatizo lilikuwa mwinuko: ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege iliyosheheni hukimbia mbali zaidi majini kabla ya kupaa.

Mwaka 1927 Kapteni T. A. Gladstone alianza majaribio ya kusafirisha barua kati ya Khartoum na Kisumu kwa kampuni ya North Sea Aerial and General Transport, iliyokuwa chini ya watengenezaji ndege wa Blackburn. Ajali zilikatiza majaribio hayo. Mwishoni mwa mwaka huo rubani Alan Cobham aliondoka Uingereza kuizunguka Afrika kwa ndege ya majini aina ya Short Singapore, akikagua mahali pa kutua. Mwaka 1928 pande hizo mbili ziliungana na kuunda Cobham-Blackburn Air Lines.

Hata hivyo, njia ilichukuliwa na Imperial Airways. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1924 kwa kuunganisha kampuni nne, na serikali iliiahidi ruzuku ya pauni milioni 1 kwa miaka 10. Ilinunua haki za Cobham-Blackburn, na tarehe 28 Februari 1931 ikaanzisha huduma ya kila wiki kutoka Croydon hadi Mwanza kupitia Kisumu. Mwaka uliofuata njia ilifika Cape Town. Gladstone hakuishi kuiona: alifariki katika ajali ya ndege Afrika Kusini mwezi Mei 1931.

Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, haikushindana na Imperial. Ilipata riziki kwa kubeba barua na abiria katika njia za ndani, hadi vita vya 1939 vilipofanya ndege zake zichukuliwe kwa kazi za kijeshi.

Juni 1937 ndege kubwa za majini za Short zilianza safari za Southampton hadi Durban. Kutoka Kisumu zilielekea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mwaka 1940 Imperial iliingizwa katika shirika la umma la BOAC, ambalo liliacha kutumia ndege za majini mwaka 1950, kwa kuwa viwanja vya nchi kavu vilikuwa vimeongezeka.

Ushindani wa vyombo vya kubeba watu kwenye anga za juu umefuata mkondo kama huo: kampuni binafsi zilianza kushindana, kisha fedha za serikali zikaamua. Timu 26 ziliwania Tuzo ya Ansari X ya dola milioni 10, ambayo chombo cha binafsi cha SpaceShipOne kiliitwaa mwaka 2004 kwa kuvuka kimo cha kilomita 100 mara mbili. Safari za kuizunguka dunia katika obiti, zenye gharama kubwa zaidi, zilihitaji fedha za serikali: mwaka 2014 NASA iliziteua Boeing na SpaceX kusafirisha wanaanga, na SpaceX ikawapeleka wanaanga wawili kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwaka 2020.