Mashine na Neno: Historia ya Uchambuzi wa Mofolojia ya Kiswahili kwa Kompyuta

Tuchukue neno moja la Kiswahili sanifu: hawatatupikia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hulikata bila shida kubwa vipande saba: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -tu- ya mtendwa, mzizi -pik-, -i- ya kutendea, na -a ya mwisho. Ilihitajika miaka arobaini na zaidi ya utafiti katika vyuo vikuu kabla ya mashine kuweza kulikata neno hilohilo, na wengi wa watafiti waliolifanikisha jambo hilo hawakuwa wakikifikiria Kiswahili hata kidogo. Makala haya yanakusudia kuifuata njia hiyo tangu mwanzo wake, kisha kuuliza swali linalotuhusu sisi wa Lubumbashi kwa karibu: ni Kiswahili cha nani kilichoingia katika mashine?

Mwanzo wenyewe haukuwa wa lugha. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walieleza mishipa ya fahamu kama mtandao wa vipande vinavyowaka na kuzimika. Katika kiangazi cha 1951 mwanahisabati Stephen Kleene aliyachunguza mawazo hayo upya, akauliza: mashine ya namna hii, yenye idadi maalumu ya hali, inaweza kutambua mifuatano gani ya alama? Jibu lake lilichapishwa mwaka 1956. Miaka mitatu baadaye, Michael Rabin na Dana Scott waliipanua nadharia hiyo katika makala ambayo hatimaye yaliwapatia Tuzo ya Turing mwaka 1976. Mashine inayozungumziwa hapa ni maskini mno. Haina daftari wala ghala. Inachokijua ni hali iliyomo tu. Ikisoma herufi moja huhamia hali nyingine, na yaliyopita imekwisha kuyasahau. Ni kama msafiri asiyekumbuka alikotoka, lakini katika kila njia panda hukuta kibao kinachomwonyesha njia zilizo wazi. Umaskini huo ndio uliokuwa faida yake: ilifanya kazi kwa haraka, tena bila kudai kumbukumbu kubwa, katika siku ambazo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali sana.

Wanaisimu waliigeuzia mashine hiyo mgongo mapema. Mwaka 1956 Noam Chomsky alionyesha kwamba haiwezi kuzalisha sentensi zote za Kiingereza, kwa kuwa sentensi huweza kuingizwa ndani ya sentensi nyingine bila mpaka. Hoja yake ilikuwa sahihi. Hata hivyo ilihusu sentensi, si neno, na tofauti hiyo ilisahauliwa kwa muda mrefu. Kiingereza kina viambishi vichache. Aliyetaka kompyuta ijue maneno yake aliweza kuyaorodhesha yote na kwenda zake. Sisi tusemao lugha za Kibantu hatuna njia hiyo ya mkato. Tukihesabu viambishi vya mtenda vinavyotofautiana kwa umbo, tunapata 15. Alama za wakati na hali ambazo ni za kawaida, 8. Viambishi vya mtendwa pamoja na -ji-, 14. Kitenzi kimoja, katika umbo la kukubali tu, kina basi maumbo 15 × 8 × 14, yaani 1680. Baadhi hayatatamkwa na mtu kamwe, lakini bado hatujagusa ukanushi, urejeshi, wala minyambuliko ya kutendea, kutendana na kutendeshwa. Orodha ya namna hiyo haina mwisho wa maana.

Aliyeligundua jambo lenyewe hakusomwa. Mwaka 1972 C. Douglas Johnson alitoa kitabu akithibitisha kwamba kanuni za kifonolojia, jinsi wanafonolojia wanavyozitumia kwa kweli, haziihitaji nguvu kubwa ambayo maandishi yao yanaonekana kuidai. Mradi kanuni isirudie kufanya kazi juu ya zao lake yenyewe, mashine maskini ya Kleene, ikipewa utepe wa pili wa kuandikia, inatosha. Kwa miaka kadhaa kitabu hicho hakikuleta mwangwi wowote. Ronald Kaplan na Martin Kay, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, waliligundua jambo hilohilo tena karibu na mwaka 1980 bila kumtegemea Johnson. Nao hawakulichapisha kwa ukamilifu mpaka 1994. Anayedhani kwamba maarifa hupanda ngazi moja baada ya nyingine kwa utaratibu aitazame historia hii vizuri.

Hatua iliyofuata ilitoka Finland, na naamini haikuwa bahati. Kifini, kama Kiswahili, hulibebesha neno moja mzigo ambao Kifaransa huugawia maneno matano, ingawa chenyewe huuweka mzigo huo nyuma ya mzizi. Kimmo Koskenniemi alisikia habari za Kaplan na Kay alipozuru Marekani mwaka 1981. Wao waliziunganisha kanuni katika mfuatano, moja baada ya nyingine, na kompyuta za wakati ule zilielemewa na kazi ya kuziunganisha. Katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Helsinki ya mwaka 1983, Koskenniemi alizisimamisha kanuni zote sambamba. Kila kanuni huyalinganisha mambo mawili tu, umbo la ndani la neno na umbo linaloandikwa, nazo zote hutazama kwa wakati mmoja. Mfano wa kwetu: umbo la ndani mu+alimu, umbo la nje mwalimu, kanuni inasema kwamba u ya ndani hulingana na w ya nje ikifuatwa na irabu isiyo u. Kwa kuwa kanuni hiyo haina mwelekeo, mashine ileile huchambua neno na pia hulitunga. Mwaka huohuo wa 1983, Lauri Karttunen na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Texas waliandika programu iliyoupitisha mfumo huo katika vyuo vingi, wakaiita KIMMO.

Ilikuwa rahisi basi kwa mtaalamu wa Kiswahili aliyefanya kazi katika mji huohuo kuuona mlango ukiwa wazi. Arvi Hurskainen, wa idara ya masomo ya Afrika na Asia ya Helsinki, alianza kukishughulikia Kiswahili kwa kompyuta katikati ya miaka ya 1980. Kati ya 1988 na 1992 vyuo vikuu vya Helsinki na Dar es Salaam vilishirikiana kurekodi lahaja na simulizi za Kiswahili, na mwaka 1992 Hurskainen alichapisha maelezo ya mchambuzi wake, aliyeitwa SWATWOL. Tukae kidogo juu ya kazi hiyo, kwa maana hapa Kiswahili kiliiuliza nadharia swali ambalo Kifini hakikuiuliza kwa ukali uleule. Tuangalie anapenda na hapendi. Ukanushi unatangazwa mwanzoni kwa ha-, kisha unathibitishwa mwishoni kwa -i, na shina zima limekaa katikati. Msafiri wetu asiyekumbuka alikotoka, akifika mwisho wa shina, anajua tu kwamba amepita -pend-. Tukimfungulia njia zote mbili, ya -a na ya -i, atalikubali hata *anapendi. Dawa ya kwanza ni kulinakili ghala zima la mashina mara kadhaa, nakala moja kwa kila njia iliyoanzwa, ili njia ya ukanushi isikutane kabisa na ile ya kukubali. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini inaivimbisha mashine. Ya pili, iliyoelezwa kwa urefu na Kenneth Beesley na Lauri Karttunen katika kitabu chao cha mwaka 2003, ni kumpa msafiri kibendera kidogo anapoingia, kitakachokaguliwa mlangoni anapotoka. Wenye kufundisha mofolojia watautambua mjadala wa zamani juu ya viambishi vya pande mbili, ila safari hii gharama yake inapimwa kwa ukubwa wa mashine.

Kukata neno hakukutosha. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa porini, na ni kitenzi cha kwenda juu. Mashine mwaminifu hutoa majibu yote na kumwachia msomaji kazi ya kuchagua. Jambo hili nalo lilipata dawa yake Helsinki. Mwaka 1990 Fred Karlsson alipendekeza sarufi ya vizuizi, ambayo haijengi sentensi bali huondoa majibu yasiyofaa kwa kuangalia majirani wa neno. Hurskainen aliitumia kwa lugha za Kibantu katika makala yake ya 1996. Na ni chombo gani bora kuliko upatanisho wa ngeli? Katika paa la nyumba, la inatosha kumfukuza mnyama na kitenzi kwa pamoja. Upatanisho, ambao mgeni anayejifunza Kiswahili huulalamikia, ukawa ndio taa ya mashine. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1999 vipande hivi vilielezwa pamoja kwa jina la SALAMA. Mwaka 2004 ukatolewa mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, wenye maneno milioni 12.5, mengi yakitoka katika magazeti na vitabu, na kila neno likiwa limechambuliwa na mashine hiyo; toleo la 2016 lilifikia milioni 25 hivi. Kisha njia ya utafiti ikageuka. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi walionyesha kwamba kompyuta inaweza kujifunza aina za maneno ya Kiswahili kutokana na mifano tu, bila kuandikiwa kanuni. Ni kazi nzuri. Ila mifano iliyotumika kuifundisha ilitoka katika mkusanyo wa Helsinki, yaani mashine ya pili ilifunzwa na ya kwanza. Kile ambacho ya kwanza haikupata kukisikia, ya pili haikuwa na mahali pa kukisikilizia.

Nacho ni nini? Kiswahili sanifu ni mtoto wa uamuzi wa miaka ya 1928 na 1930, ulipochaguliwa msingi wa Unguja na kuundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Kamusi kubwa iliyokuwa tegemeo katika miaka ya 1980, ile ya TUKI ya mwaka 1981, inausimamia usanifu huo, na magazeti yaliyokusanywa huandikwa kwa usanifu huohuo. Mtu wa Kamalondo anayesema bantu banakuya, au beko, au kamutoto, hayumo. Wengine watajibu kwamba sarufi ya lahaja yetu haikuwa imeandikwa. Sivyo. Edgar Polomé aliieleza mwaka 1968. Walter Schicho alitoa kitabu kizima juu ya sintaksia yake mwaka 1982. André Mwamba Kapanga aliifanyia tasnifu ya udaktari mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya SWATWOL kuchapishwa. Maarifa yalikuwapo. Yaliyokosekana ni magazeti, kwa kuwa Kiswahili cha Lubumbashi husemwa kila mahali na kuchapishwa kwa nadra.

Mtu akiuliza kazi hiyo ingekuwa ngumu kiasi gani, jibu lina pande mbili. Katika neno lenyewe ugumu ni mdogo: kuiweka ba- kando ya wa-, kuya kando ya kuja, na kuifungulia njia ka- ya udogo pamoja na wingi wake tu-, ni mistari michache katika ghala la mashine. Ugumu unaanza neno linapokutana na jirani yake. Anayesema kitabu yangu amepunguza upatanisho, na ile taa tuliyoisifu inazimika: kanuni inayochagua kwa kutegemea la au changu huanza kumfukuza asiye na kosa. Sarufi ya vizuizi ingepaswa kuandikwa upya kwa kutumia alama nyingine.

Upande mwingine ni wa maandishi. Chukua historia ya mji wetu iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ambayo Johannes Fabian aliihariri mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango. Mwandishi hakupata kufundishwa mahali pa kutenganisha neno na neno. Kiambishi husimama peke yake katika mstari mmoja na kushikamana na jirani katika mstari unaofuata. Fabian alilazimika kuisoma kwa sauti ili ieleweke. Mashine tuliyoisimulia hapa huanza kazi yake pale ambapo mtu amekwisha kukata maneno, nayo haina sikio.

Kiswahili cha Kongo kiliingia katika kompyuta baadaye, kwa mlango mwingine. Orodha ya kimataifa ya lugha ilikuwa tayari imekipa alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha mashariki. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mkusanyo wa tafsiri uitwao TICO-19 ulikiweka kama lugha ya pekee, kando ya Lingala. Mwaka 2021 Alp Öktem na wenzake walieleza mfumo wa kutafsiri kati yake na Kifaransa, uliotengenezwa kwa ajili ya mashirika ya misaada, kwa kutumia mkusanyo mpya wa sentensi 25,302 na kuazima nguvu kutoka katika Kiswahili cha mashariki. Waliotathmini tafsiri za kuelekea Kifaransa walizipa wastani wa 6.3 kati ya 10, na asilimia 75 zilifikisha ujumbe mkuu. Mifumo ya aina hiyo hailikati neno kama mwanafunzi wetu alivyolikata hawatatupikia. Huligawa kwa vipande vinavyojirudia mara nyingi, viwe viambishi au visiwe. Inaweza kukutafsiria kamutoto vizuri kabisa. Ukitaka kujua hiyo ka- inafanya nini mle ndani, na kwa nini wingi wake ni tu-, itakubidi urudi kwa Polomé, Schicho na Kapanga.