FIGO ZETU, SEHEMU YA 4: Kwa nini mgonjwa wa dialisisi anapimiwa maji?

Swali linalorudi kila wiki ni hili: "Nesi, baba ana kiu, mbona mnamnyima maji?" Ili tuelewane, leo turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1943, katikati ya vita vya pili vya dunia, daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu huko Kampen, Uholanzi. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, vifaa hakuna. Akachukua selofeni, ile ya kufungia soseji, akaizungushia kwenye pipa la mbao. Damu ikapita ndani yake huku pipa likizunguka kwenye maji maalum, uchafu ukatoka. Wagonjwa wake wengi wa mwanzo walifariki. Mwaka 1945 mama wa miaka 67 aliyekuwa hajitambui akaamka.

Ila ilikuwa tiba ya dharura tu, maana kila mara ilibidi kukata mshipa mwingine, na mishipa huisha. Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, Dk. Belding Scribner na wenzake wakaweka mirija ya Teflon mkononi mwa mgonjwa ikabaki humo. Clyde Shields, fundi mitambo, akaanza kusafishwa damu mara kwa mara na akaishi miaka 11 zaidi.

Sasa sikilizeni hapa. Shields alikuwa na presha ya juu sana. Ilishuka alipovutwa maji yaliyozidi na kupunguziwa chumvi kwenye chakula. Yaani somo hili tumelipata kwa mgonjwa yule yule wa mwanzo, sio ukali wa manesi wa leo.

Piga hesabu. Figo nzima inafanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine, kwa mgonjwa wa mara 3 kwa wiki saa 4, inafanya saa 12 tu. Asipokojoa, anachokunywa kinabaki mwilini: miguu inavimba, kifua kinabana, anashindwa kulala chali. Akija na kilo 4 za maji, tunalazimika kuzivuta kwa saa chache. Hapo ndipo presha inaporomoka, misuli ya miguu inakaza, anatapika, anatoka hoi. Akianza kujisikia hivyo, aseme mapema, tupunguze kasi.

Nyumbani, anza na chumvi, ndiyo mama wa kiu. Gramu 9 hivi, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, zinashikilia lita nzima ya maji. Punguza viungo vya pakiti na dagaa wa chumvi. Kiasi chake cha siku, alichopangiwa na daktari, kiweke kwenye chupa moja asubuhi, anywe kwa kikombe kidogo. Uji, chai, supu na tikiti vyote vinahesabika. Kiu ikizidi, asukutue na kutema, au amung'unye kipande cha barafu, nacho kihesabiwe.

Na tafadhali, msimpenyezee juisi kwa huruma. Huruma hiyo anailipia kwenye mashine.

Sehemu ya 5: kwa nini mkono wenye fistula haupimwi presha wala haubebi ndoo. Karibuni kwa maswali.