Kiingereza cha mabinti wetu: kimepita njia gani?



Katika kikao cha mwezi uliopita papa mmoja tunayemheshimu sana alisimama akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni. Alisema: tuko na wasichana waliorudi toka Uganda, hawana feza ya masomo, na chama kinanunua kaye na biki ili wafundishwe Kiingereza na kuandika hadisi kila siku ya posho. Juu ya nini tusinunue mashine za kushona? Hadisi italisha nani? Watu walicheka, wengine wakapiga mikono. Mimi ndiye ninayefundisha lile darasa, kwenye lise ya wasichana, na siku ile sikupata jibu fupi. Basi leo naleta lile refu.

Nianze na sindano yenyewe, maana sindano nayo iko na historia.

Wakati wa Wabelgiji, mtoto mwanaume aliyeonekana na akili alifundishwa Kifaransa ili awe karani, mwalimu au padri. Dada yake alifundishwa nyumba. Kule Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, toka 1946 mpaka 1960 kulikuwa na fuaye sosiali: wamama walifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi na kuogesha mtoto. Nyumba za namna hiyo zilikuwa pia Léopoldville na Élisabethville. Ukifikiri vizuri, baba alipewa lugha ya ofisi, na mama akapewa pasi ya kunyoosha shati la kuvaa ofisini. Programu ya masomo ya 1948 iliandika jambo hilo wazi. Wavulana wachache walifunguliwa sekondari ya kweli. Wasichana waliwekewa shule za utunzaji wa nyumba, na kwa waliobahatika, shule ya kuwa mwalimu wa madarasa ya chini.

Matunda yake tuliyaona. Uhuru ulipofika 1960, Kongo nzima haikuwa na mwanamke hata mmoja aliyemaliza universite. Wa kwanza, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium 1964, na 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hii. Kutoka kwenye diplome mpaka kwenye kiti cha waziri ni miaka miwili tu! Hapo unaona njaa ya watu wenye elimu iliyokuwako, na wakati huo huo nusu ya watoto walikuwa wamefungiwa mlango.

Sisemi kushona ni kitu kibaya. Mama yangu alitulisha na mashine ya kushona, na mashine ile tuliibeba kichwani tulipokimbia. Nasema tu kwamba wasichana wetu wamepewa sindano kwa miaka mingi, na kila mara aliyewapa aliamini kwamba anawasaidia.

Na Kiingereza? Hapa Ituri hakikuwa mbali. Kule Rethy wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa na shule ya watoto wao, yenye kufundisha kwa Kiingereza, tangu miaka mingi kabla ya uhuru. Wazee wetu walipita kando yake wakienda shambani. Lugha ilikuwa ndani ya ua, sisi nje ya ua.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda tofauti, ingawa huko nako hayakuanza vizuri. Shule ya Gayaza, karibu na Kampala, ilifunguliwa na misioni ya Kianglikana 1905 kwa ajili ya wasichana, hasa binti za machifu. Mwanzoni walishika jembe kuliko kitabu: walifundishwa wawe wake wema wa machifu wa kesho. Lakini shule ilidumu, madarasa yakapanda, Kiingereza kikaingia, na pole pole wakatoka wasichana ambao waanzilishi hawakuwawazia.

Kwa sisi tuliokaa Kyangwali, jina la kukumbuka ni la binti wa Hoima, Sarah Ntiro. Alisoma Budo, akaenda Makerere, kisha Oxford, akapata digrii 1954, mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na Kati kufika hapo. Akarudi nyumbani kufundisha. Walipotaka kumlipa mshahara mdogo kuliko wa wanaume wenye kazi sawa, aliukataa. Mimi nilikaa miaka mingi saa chache tu kutoka mji wake, na hakuna aliyenisimulia habari zake, nilizipata baadaye.

Tena kutoka Hoima hiyo hiyo ametoka mwandishi Goretti Kyomuhendo. Yeye ni mmoja wa wanawake waliojenga FEMRITE, chama cha wanawake waandishi wa Uganda kilichoanza miaka ya 1990. Kitabu chake cha 2007, *Waiting*, kinasimulia mwaka 1979, wakati askari wa Amin walipokuwa wanakimbia kupitia vijiji vya huko, na watu wakilala porini wakingoja. Anayesimulia ni msichana mdogo. Katika kile kijiji yumo jirani mmoja aliyetoka upande wetu, kutoka Zaire. Kitabu kizima anaitwa tu yule mwanamke Mlendu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Mwandishi hana kosa. Alimwandika kama kijiji kilivyomwita, na alimwandika kwa huruma. Ila nilijiuliza: mama yule aliacha nini ng'ambo? Nani alimvusha ziwa? Kwao aliitwa nani? Anayeweza kujibu ni mtu wa kwetu, tena mwanamke, na kwenye lugha ile ile ya kitabu, ili mimi na wewe na yule msomaji wa Kampala tukisome pamoja. Darasa la siku ya posho lilitoka hapo.

Mengine mnayajua kuliko mimi. Mwanzo wa 2018 watu walitoka Tchomia na Joo kwa mitumbwi, wakashukia Sebagoro, wakapelekwa Kyangwali, na kolera ikawakuta huko. Watoto wakaingia masomo ya Uganda. Kuanzia darasa la nne kila kitu ni Kiingereza: hesabu, sayansi, hata kuomba ruhusa ya kutoka nje. Walifundishwa pia kitu ambacho kwetu hakikupewa nafasi kubwa. Sisi tulikulia kwenye dikte: mwalimu anasoma, wewe unaandika maneno yake, kosa moja pointi moja. Wao waliambiwa: andika siku ambayo hutaisahau. Mtoto anaachwa na karatasi nyeupe na kichwa chake mwenyewe.

Halafu tukarudi. Msichana mmoja wa darasa letu alikuwa amefika la saba kule. Shule moja, sitaitaja, ilimtazama, ikasema hajui Kifaransa, ikamweka la nne. Ana miaka kumi na sita, anakaa banki moja na watoto wa miaka kumi. Kiingereza chake waliita Kiingereza cha kambi. Wengine kama yeye wamechoka aibu hiyo, wameacha masomo, na wawili wameolewa. Kifaransa lazima wajifunze, hakuna ubishi, na chama kinawasaidia kwa hilo katikati ya juma. Lakini kwa nini watupe kile walicholipia kwa miaka ya ukimbizi? Nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Bidhaa za soko la Bunia zinavuka mpaka toka Uganda na karatasi zake za Kiingereza, na wanaozisoma pale forodhani siyo mabinti wetu.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza wanasimulia kwa mdomo, kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, wawili wawili. Halafu wanaandika kwa Kiingereza, nami nasahihisha kidogo kidogo, maana nikipaka kaye wino mwekundu, juma linalofuata anaandika mistari mitatu tu. Shida kubwa siyo tahajia. Msichana mmoja aliniuliza: mwalimu, kama vita haijaisha, niandike kwa wakati uliopita au uliopo? Nilimwambia aandike namna zote mbili tuone. Mpaka leo hatujakubaliana ipi ni nzuri.

Shida nyingine ni kabila, na siwezi kuificha. Darasani wako watoto wa pande zote. Karatasi za kwanza zilisema kabila fulani lilikuja, kabila fulani lilichoma. Kimya kilichofuata baada ya kusoma kilikuwa kibaya sana. Tukaweka sheria: andika kile jicho lako liliona. Ulikuwa unapika nini, nani alikushika mkono, mtumbwi ulikuwa wa rangi gani. Uliyosikia kwa watu, acha kwanza. Na hakuna karatasi inayosomwa bila ruhusa ya mwenyewe. Mmoja aliandika kurasa mbili akazichana mbele yetu. Tulimwachia.

Ndiyo maana, marafiki wa mbali, mlipoomba nakala za hadisi na picha za waandishi, tulikataa. Msitukasirikie. Hawa wanaishi jirani na watu waliomo ndani ya hadisi. Siku mmoja wao akitaka kuchapisha, na jina lake juu, atawaandikia yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, na mtamwelewa vizuri.

Kwa papa aliyeuliza: mashine mbili za kushona ziko katika chumba cha pili cha lise ile ile, na wasichana wangu sita wanazitumia mchana wakitoka kwangu. Kaye zimebaki kumi na moja, wanafunzi ni ishirini na nne. Tunaanza saa mbili asubuhi. Papa amekaribishwa, ila aje na kiti chake, maana banki hazitoshi.