Mageuko: istilahi iliyoandikwa katika mifupa ya nyangumi

Vitabu vyetu vya sayansi havijakubaliana namna ya kuitaja dhana moja kubwa ya biolojia. Wapo wanaoandika evolusheni, wapo wanaoandika mageuzi, na wapo wanaoshikilia mageuko. Mimi niko upande wa mageuko, na ushahidi wangu nautoa kwa nyangumi, kwa kuwa wanyama ambao historia yao imesomeka mfupa kwa mfupa kama yake ni wachache.

Mageuzi yametokana na kitenzi geuza. Panapogeuzwa kitu pana mwenye kugeuza, na ndiyo maana neno hili limekaa vizuri katika siasa. Watu waliodai vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walidai mageuzi, na nchini Tanzania chama cha NCCR-Mageuzi kililibeba hadi kwenye jina lake. Mageuzi yana watu, yana mpango, yana lengo. Mageuko yametokana na geuka, na ndugu zake ni mabadiliko, machafuko, mmomonyoko, mlipuko: jambo linatukia, na sarufi haimdai mtendaji. Hicho ndicho anachokihitaji mwanabiolojia. Katika maelezo yake, viumbe wa kila kizazi huzaliwa na tofauti ndogondogo. Wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali wanapoishi huzaa zaidi na kurithisha walichonacho. Miaka milioni kadhaa ikipita, ukoo mzima unakuwa na umbo jingine.

Hata hivyo mageuko nayo yana mtego wake. Katika ngano zetu mtu hugeuka chatu na jini hugeuka msichana mzuri, papo hapo, mbele ya macho ya watu. Msomaji aliyelelewa na ngano hizo akiambiwa "mnyama wa nchi kavu aligeuka nyangumi", ataona mnyama mmoja akizama na miguu na kuibuka na mapezi. Hakuna aliyewahi kugeuka hivyo. Kila mnyama alikufa na maumbile aliyozaliwa nayo. Kilichogeuka ni ukoo. Kwa hiyo nawasihi waandishi na wahariri wenzangu: tunapolitumia neno hili, kiima cha sentensi kiwe ukoo, jamii au spishi, kamwe kisiwe mnyama mmoja. Ni marekebisho madogo, lakini yatamwondolea mwanafunzi picha ambayo mwalimu hupata taabu kubwa kuifuta.

Mageuko ya ukoo wa nyangumi tunayajua kwa visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe zilizohifadhiwa ndani ya miamba. Mwaka 1981 Philip Gingerich na Donald Russell walieleza fuvu lililopatikana Pakistan, la mnyama waliyempa jina Pakicetus. Aliishi yapata miaka milioni 50 iliyopita. Mifupa mingine ya mwili wake ilipokuja kuchunguzwa, ilionyesha mnyama wa miguu minne, mwenye uwezo wa kutembea nchi kavu. Kilichomwingiza katika ukoo wa nyangumi ni sikio: mfupa unaozunguka sikio la kati una ukingo mnene ambao, miongoni mwa wanyama walio hai, wanao nyangumi na pomboo peke yao. Mwaka 1994 Hans Thewissen na wenzake wakamtangaza Ambulocetus, naye wa Pakistan, mwenye miguu mifupi na nyayo kubwa za kupigia maji. Jina lake lina maana ya nyangumi atembeaye.

Lakini mfupa ninaoupenda kuliko yote umo katika kifundo cha mguu. Kwa miongo kadhaa wataalamu wengi waliamini kwamba nyangumi wametokana na mesonikidi, kundi la wanyama walao nyama lililokwisha kutoweka, kwa sababu meno yao yalifanana na ya nyangumi wa kale. Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa vinasaba walileta jibu jingine: jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi miongoni mwa wanyama walio hai ni kiboko. Gingerich mwenyewe alikuwa upande wa mesonikidi. Kisha, mwaka 2001, kikundi chake kilichapisha visukuku vya nyangumi wa kale kutoka Balochistan, na miongoni mwavyo mlikuwa na mfupa huo wa kifundo. Aliyewahi kuchambua mguu wa mbuzi anaujua: umechongeka juu na chini kama kapi la tanga, ili kifundo kikunjuke mbele na nyuma bila kuyumba kando. Kapi la juu na la chini katika mfupa mmoja ni alama ya mbuzi, ng'ombe, swala, nguruwe, ngamia na kiboko. Ni kundi moja. Na sasa kapi hilo lilikuwa mkononi, limetoka kwenye mguu wa nyangumi. Gingerich alikubali kwamba vinasaba vilisema kweli. Mwaka huohuo kikundi cha Thewissen kilichapisha ushahidi wa namna hiyo kutoka kwa Pakicetus na jamaa zake.

Hapa tena kiima kina kazi. Nyangumi hakutokana na kiboko. Wote wawili wana babu mmoja wa zamani sana, na tangu hapo kila ukoo umeshika njia yake.

Visukuku vya baadaye vinaonyesha miguu ikififia. Katika jangwa la Misri, eneo la Fayum, kuna Wadi Al-Hitan, bonde la nyangumi, lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005. Humo mmelala mifupa ya Basilosaurus, nyangumi aliyezidi mita 15 kwa urefu. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba alikuwa bado na miguu ya nyuma, midogo mno kubeba mwili huo, lakini imekamilika hadi goti na vidole. Jina lake, mjusi mfalme, alipewa na Richard Harlan mwaka 1834 akimdhania mtambaazi. Richard Owen alitambua kwa meno kwamba ni mamalia, akapendekeza Zeuglodon, ila kwa kanuni ya majina ya kisayansi jina la kwanza ndilo linalobaki. Istilahi zetu hazijafungwa na kanuni hiyo. Penye neno lisilofaa bado tuna ruhusa ya kulibadili.

Nguva wa pwani yetu aliingia baharini kwa njia yake. Jamaa zake ni tembo na pimbi, na babu zake nao walikuwa na miguu minne: Pezosiren wa Jamaika, aliyeelezwa na Daryl Domning mwaka 2001, aliweza kutembea nchi kavu.

Afrika Mashariki nayo ina kisukuku chake mashuhuri cha nyangumi, ingawa kinaeleza habari ya ardhi zaidi kuliko ya miguu. Mwaka 1964 James Mead alikipata Loperot, magharibi ya Ziwa Turkana, kiasi cha kilomita 740 kutoka pwani ya leo. Kilielezwa mwaka 1975, kisha kikapotea ghalani kwa miaka mingi hadi kilipoonekana tena mwaka 2011. Nyangumi huyo, wa jamii yenye mdomo mrefu, aliishi miaka milioni 17 iliyopita, na inaelekea alipanda mto mkubwa kutoka Bahari ya Hindi, akafia huko. Nyangumi hawezi kupanda maporomoko, basi nchi ilikuwa tambarare na karibu na usawa wa bahari. Leo mahali hapo ni mita 620 juu yake. Watafiti waliochapisha hesabu hiyo mwaka 2015 walitumia kisukuku hicho kukadiria mwinuko wa Afrika Mashariki ulianza lini, ule uliokuja kupunguza mvua na kugeuza misitu kuwa mbuga. Mwinuko, kutoka inuka: ardhi yenyewe imeingia katika kundi lilelile la maneno.