Simu Imepokelewa, Jibu Je? Teknolojia ya Simu na Ufuatiliaji wa Magonjwa ya Mifugo Afrika Mashariki

Novemba 2006, mvua za El Niño zilipokuwa zikimwagika Pembe ya Afrika, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari kwamba homa ya Bonde la Ufa ilikuwa inanukia. Wanasayansi wa NASA walikuwa wameiona hatari hiyo kutoka angani: picha za setilaiti zilionyesha Bahari ya Hindi imepata joto na uoto unachipua kupita kawaida. Huku chini, wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya hawakuhitaji setilaiti. Waliona mawingu ya mbu. Waliona mbuzi na kondoo wakitupa mimba kwa wingi, vitoto vikifa, na damu ikitoka puani mwa wanyama, wakautaja ugonjwa kwa jina lao la siku zote, sandik, jina linalotokana na damu hiyo ya puani. Hata hivyo mlipuko ulithibitishwa rasmi Desemba, baada ya watu kuanza kufa Garissa. Serikali ilihesabu maiti za binadamu kabla ya kuhesabu mizoga ya mbuzi.

Utafiti uliofanywa baadaye kwa kuwahoji wafugaji wenyewe uligundua kuwa, kwa wastani, kati ya mnyama wa kwanza kuugua na mtu wa kwanza kuugua zilipita takriban wiki mbili na nusu. Muda huo unatosha kufunga machinjio, kuonya akina mama wanaokamua na vijana wanaochuna ngozi, na kugawa vyandarua. Haukutumika. Ugonjwa ulivuka mpaka, na kati ya Januari na Mei 2007 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha wagonjwa 264 nchini Tanzania, ambao 109 kati yao walifariki. Dodoma ndiko walikoumia zaidi.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi na watetezi wa simu za mkononi katika ufuatiliaji wa magonjwa ya mifugo. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: lau wachungaji wale wangekuwa na simu zenye programu ya kutoa taarifa, wiki zile zisingepotea. Mimi nakisoma tofauti. Mwaka 2006 habari haikukosekana. Ilikuwepo juu, kwa wataalamu wa setilaiti, na ilikuwepo chini, malishoni. Ilipopotelea ni katikati, kwenye ofisi zenye wajibu wa kuondoka kitini na kwenda. Makala hii inadai kwamba simu imefupisha sana njia ya taarifa kupanda, lakini haijafupisha njia ya msaada kushuka, na kwamba mfumo wowote wa aina hii upimwe kwa kile kinachomrudia mfugaji. Idadi ya taarifa alizotuma ni kipimo dhaifu.

Tusiibeze lakini kazi iliyofanyika. Katika utaratibu wa karatasi, afisa mifugo wa kata alijaza fomu, akaipeleka wilayani mwisho wa mwezi, wilaya ikajumlisha, na jumla hiyo ikasafiri hadi mkoani na wizarani ikiwa imeshapoteza jina la kijiji. Taarifa ilitembea kwa mwendo wa kalenda, ugonjwa kwa mwendo wa mbu na wa malori ya mnadani. Kituo cha ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza cha SACIDS, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilianza kwa kujaribu programu huria za EpiCollect na ODK katika maeneo kama Ngorongoro, kisha kikabuni yake, AfyaData, iliyoelezwa kwa kina katika machapisho ya mwaka 2017. FAO nayo ina programu yake, EMA-i, iliyoanza kujaribiwa Uganda. Kenya wana KABS, mfumo wao wa kufuatilia magonjwa ya wanyama. Zote hufanya kitu kimoja ambacho karatasi haikuweza: hubandika mahali na saa kwenye dalili. Picha moja ya ng'ombe mwenye mapele ngozini, yenye majiranukta ya mahali alipo, humwambia daktari wa mifugo zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo.

Baada ya hapo ndipo ugumu unapoanza. Chukua Tanzania. Kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, udhibiti wa magonjwa uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, aliyeko wizarani. Lakini afisa mifugo wa wilaya, yule mwenye buti na pikipiki, ni mtumishi wa halmashauri: mshahara wake, likizo yake na mafuta yake viko kwa Mkurugenzi Mtendaji wa wilaya, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kenya ilifika hapo hapo kwa njia nyingine, Katiba ya 2010 ilipozikabidhi kaunti huduma za mifugo. Kwa hiyo taarifa ikitumwa kutoka kijijini, nukta nyekundu huonekana kwenye skrini zote kwa pamoja, wizarani, mkoani, wilayani. Anayeiona vizuri zaidi hana amri juu ya gari, na mwenye amri juu ya gari ana zahanati ya kumalizia paa na madawati ya kununua.

Na lazima mtu aende. Homa ya Bonde la Ufa haithibitishwi kwa picha. Kutupa mimba kunaweza kuwa brusela, kunaweza kuwa mambo mengine kadhaa. Damu ya puani huweza kumfanya mtu afikirie kimeta, ambacho mzoga wake haupaswi hata kupasuliwa. Tofauti hizo huamuliwa na sampuli, na sampuli inataka glavu, mirija, kasha la barafu, usafiri hadi kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, na vitendanishi vitakavyokuwepo siku hiyo. Katika mnyororo huo wote simu imeimarisha pete moja, ile ya kwanza, ambayo pia ndiyo rahisi kupata mfadhili, kwa sababu inapendeza kwenye ripoti.

Mfugaji naye anapiga hesabu zake. Wataalamu tumezoea kuiita hali ya kutotoa taarifa "uelewa mdogo", na dawa yake tunasema ni elimu. Nadhani mara nyingi tunamsingizia. Akiripoti ugonjwa wa miguu na midomo, jambo la kwanza linaloweza kumfikia ni karantini: mnada unafungwa, ng'ombe hawauziki, na ada ya shule inangoja. Akinyamaza, anaweza kumpeleka mnyama mnadani kabla hajaanza kuchechemea. Wasomali wanalijua hili kwa kiwango ambacho sisi wengine hatujakionja. Mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Saudi Arabia na Yemen, mara yake ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na katazo hilo halikuondolewa hadi 2009. Bandari ya Berbera, iliyozoea kupakia kondoo na mbuzi wa msimu wa Hija, ilikaa miaka yote hiyo bila soko lake kuu. Jamii iliyopitia hayo, ukiipa simu na kuiambia bonyeza hapa uonapo damu puani, ina kila sababu ya kuuliza nani atakayesoma ujumbe huo, na atafanya nini nao.

Kuna pia suala la lugha. Fomu nyingi za simu humpa mtumiaji orodha ya magonjwa achague, orodha iliyoandaliwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye. Mmaasai anayejua oltikana tangu utotoni, ugonjwa ambao Kiswahili huuita ndigana kali (majina yanayosikika kama ndugu), anajua ng'ombe gani anaugua, tezi ipi imevimba na kupe yupi wa kulaumiwa. Olkipiei kwake ni homa ya mapafu ya ng'ombe, na anaitambua kwa jinsi mnyama anavyosimama akipumua. Ujuzi huu ukilazimishwa kupita kwenye tundu la orodha ya maneno kumi na mawili, unatoka upande wa pili umekuwa "nyingine, eleza". Ndiyo maana mifumo inayouliza dalili badala ya jina la ugonjwa inafanya vizuri zaidi kwa maoni yangu. Na bora zaidi ni ile inayopokea jina la kienyeji kama lilivyo, ikamwachia mtaalamu kazi ya kulioanisha.

Mtetezi wa teknolojia atanijibu kwamba mafuta, karantini na maabara ni mambo ya bajeti na utawala, wala si kosa la programu. Jibu hilo lina ukweli nusu. Programu hubuniwa na watu, na wabunifu huamua mapema ujumbe uende kwa nani, nani alipie bando, na kama kuna njia ya kumrudishia aliyetuma. AfyaData iliwekewa uwezo wa kumpa mtoa taarifa mrejesho, na hilo ni jambo la kusifiwa. Mfumo usio na sehemu hiyo umeshaamua kuwa mfugaji ni kipima joto.

Historia inaunga mkono dai hili kuliko nilivyotarajia nilipoanza kulifikiria. Sotoka, iliyoua ng'ombe wa bara hili kwa mamilioni mwishoni mwa karne ya 19, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mlipuko wa mwisho kujulikana ulikuwa wa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Hakukuwa na simujanja katika kazi ile. Kulikuwa na wahudumu wa afya ya wanyama waliochaguliwa na jamii zenyewe, Karamoja, Afar, Sudan Kusini, wakitembea na chanjo iliyostahimili joto, ambayo haikudai jokofu kila hatua. Wafugaji walieleza walichoona kwa sababu aliyesikiliza alikuwa na sindano mkononi.

Mfano wa simu uliofuata mantiki hiyo hiyo ulianza Tanzania mwaka 2011, chini ya watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, katika wilaya 28 za kusini mashariki, Pemba ikiwemo. Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa, na mbwa si mnyama wa kufugwa kwa nyama wala maziwa, lakini somo lake linahusu zizi pia. Mfumo ulitumia simu za kawaida za bei ndogo, na uliunganisha wahudumu wa afya na maafisa mifugo: huyu akiripoti aliyeumwa na mbwa na dozi za chanjo zilizotumika, yule akiripoti mbwa waliochanjwa. Kila taarifa ilikuwa na shughuli inayoingoja. Muuguzi hakutuma ujumbe kwa ajili ya takwimu za mtu mwingine; alituma kwa sababu friji yake ilikuwa inaishiwa chanjo.

Linganisha na miradi mingi ninayosoma habari zake. Mafanikio hutajwa kwa idadi: taarifa zimeongezeka mara kadhaa tangu simu zigawiwe. Zitaachaje kuongezeka, wakati vocha inatoka kwa mradi? Vijijini neno "mradi" limeshapata maana yake mahususi: kitu chenye gari jeupe na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikifika, vocha hukoma na ramani huanza kuwa nyeupe, na anayeitazama kutoka mbali hawezi kujua kama weupe huo ni afya ya mifugo au ni ukimya wa watu. Ukimya huo una jiografia yake. Mabonde yanayofurika, ambako mbu wa homa ya Bonde la Ufa huanguliwa, mara nyingi ndiyo yasiyo na mnara wa simu, na ndiko barabara hukatika mvua ikizidi.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wenzangu tunaobuni mifumo hii na tunaopitia makala zinazoisifu. Kila tunapoandika idadi ya taarifa zilizotumwa, tuandike kando yake siku zilizopita hadi mfugaji alipopata jibu la kwanza, siku hadi sampuli ilipochukuliwa, na siku hadi matokeo yaliporudi kijijini, hata yakiwa ya kutia aibu. Hatuhitaji fedha mpya kupata tarakimu ya kuanzia: saa ya kila taarifa tayari imehifadhiwa kwenye seva.